Tundu la Pili kwenye Kadi ya Zuhura

Siku ile ya mchujo bado ninayo kichwani, mwanangu, hata harufu yake. Ilinuka mafuta ya bunduki na mbao mbichi, maana vibanda vya kulengea vilikuwa vimepigiliwa juzi yake tu. Walisimama hapo wasichana wanane, lakini kila mtu kambini alijua kwamba ni wawili ndio wanaogombea, na nafasi ya kwenda Olimpiki ilikuwa moja. Mmoja nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa Zuhura wa Hamugembe. Nitakueleza yaliyotokea, lakini kwanza tuelewane.

Wiki iliyopita ulinijia hapa Kishanda na daftari lako, ukaniambia, "Shangazi, mwalimu mkuu anataka historia yako. Itasomwa siku ya mahafali, halafu watakuchora ukutani ukiwa na bunduki." Ukaniuliza niliingiaje jeshini, nilifikaje Olimpiki, nilijisikiaje. Nikakuambia urudi Jumamosi. Ulinuna, nilikuona, ulidhani shangazi yako amepandisha mabega. Hapana, mwanangu. Kuna mtu mmoja mjini Bukoba ambaye ilinibidi nimwombe ruhusa kabla sijafungua mdomo, na sasa nimeshamwona. Kwa hiyo kaa, andika, na usiruke kitu.

Mimi nimezaliwa kwenye kibanja hiki hiki, migomba mbele na mibuni nyuma. Babu yako, ambaye sote tulimwita Ta, hakuwa na mchezo na salamu. Binti akimsalimia mgeni alipiga magoti, na alibaki pale chini mpaka mgeni amalize kuulizia nyumba, mifugo, mvua na watu waliokwisha kufa. Palikuwa na mzee mmoja jirani ambaye alikuwa akiulizia mpaka paka. Mbu alinitua shingoni, nikamwacha ashibe aende zake. Nikitikisika tu, Ta alikohoa, na kikohozi kile nilikijua maana yake.

Mgeni akishakaa, binti ndiye aliyeleta akamwani, zile buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, za kutafuna. Ninyi wa siku hizi mnakimbilia kuleta soda, lakini utaratibu wa nyumba hii unaujua. Anayegawa anachukua punje moja kwanza, anaitafuna huku mgeni anamtazama, ndipo ananyoosha kisahani. Anasema bila kusema kwamba ninachokupa hakina ubaya, na mimi ninayekupa sina ubaya na wewe. Liandike hilo vizuri, tutalirudia.

Nilipomaliza shule nikaenda jeshini. Siku ya kuondoka nilikuwa bandarini Bukoba na begi moja na mkungu wa ndizi ambao mama alikataa niuache. Msichana mmoja mwembamba, amejitanda khanga vizuri, akaniangalia tangu juu mpaka chini, akacheka.

"Wee, jeshi zima unalipelekea ndizi?"

"Nawapelekea wenye adabu," nikamwambia. "Wewe hutaonja."

Huyo ndiye Zuhura. Watu wa baba yake walitoka pwani zamani, mama yake ni Mhaya, na nyumba yao ilikuwa Hamugembe, pale pale Bukoba, katikati ya migomba kama nyumba nyingi za kule. Kabla meli haijafika Mwanza tulikuwa tumeshakula nusu ya kichane pamoja, na alikuwa ameshatapika mara tatu. Tukaingia ukuruta pamoja, tukafundishwa kwata pamoja, tukalia pamoja. Nilipougua malaria alinifulia sare. Kikohozi cha mama yake kilipozidi, barua za nyumbani kwao nilizisoma mimi kwa sauti, kwa sababu yeye alikuwa anaogopa kuzifungua. Mtu wa namna hiyo humpati mara mbili, na niliyajua haya siku zote, hata siku ile.

Habari ya bunduki ilianza kwa magoti. Siku ya shabaha ya makuruta tuliamriwa tulenge tukiwa tumepiga goti. Wenzangu walikuwa wanayumba, wanahema, wanapiga juu na chini. Mimi niliyekaa chini nusu saa nikisikiliza habari za paka wa watu, goti lile lilinisumbua nini? Afande Salum, sajinimeja aliyekuwa mkufunzi wa shabaha, akasimama nyuma yangu muda mrefu.

"Kuruta, nani amekufundisha kutulia?"

"Baba yangu, afande."

"Naye ni askari?"

"Hapana, afande. Ni mkulima wa kahawa."

Akaniandika. Mwezi huo huo akamwandika na Zuhura, ambaye hakuwa na magoti yangu, lakini alikuwa na jicho ambalo sijaliona tena kwa mtu mwingine. Tukaingizwa kwenye timu ya bunduki ya upepo.

Mchezo wenyewe, kwa wasioujua, ni huu. Unasimama, hukai wala hulali. Mbele yako, hatua chache tu, kuna kadi yenye duara jeusi dogo, na katikati yake kanukta. Kila risasi na kadi yake. Ukishapiga unazungusha kigurudumu, kadi inakuja kwako kwenye waya, unaitoa, unaweka nyingine. Hakuna adui wala kelele. Mtazamaji anaweza kusinzia, na wewe uliyeshika bunduki moyo unakupiga mpaka unaona mtutu unacheza.

Askari tulifundishwa kwamba bunduki ikipanda, inapiga. Afande Salum akatufundisha kuishusha. Kama mkono haujatulia, shusha. Kama umeshika pumzi mno, shusha. "Risasi ambayo hukupiga haijakukosea," alikuwa akisema, na wanaume wa kombania walimcheka kwamba anafuga waoga. Jambo la pili alilotufundisha lilikuwa namba. Juu ya kila kadi palikuwa na namba ya mahali pako. Kila ukiinua bunduki, kabla hujatia jicho kwenye kitundu cha kulengea, soma namba. Ukishatia jicho, namba huioni tena, na maduara yote yanafanana.

La tatu nalo lilikuwa dogo. Ikitokea umepiga kadi ya jirani, na hutokea, hata kwa mabingwa, unaweka bunduki chini, unanyoosha mkono, unasema neno moja: "Yangu." Basi. Wewe unapata sifuri kwa risasi hiyo, jirani haguswi, shindano linaendelea. Tulilifanyia mazoezi neno hilo kama tulivyofanyia mazoezi saluti. Zuhura alikuwa akilisema hata mezani, akimwaga chai ya mtu: ananyoosha mkono, "Yangu!", tunacheka.

Sasa turudi kwenye mchujo. Mimi nilikuwa namba tano, Zuhura namba sita, kulia kwangu. Mwamuzi alikuwa raia, mtu mkavu mwenye miwani. Afande Salum aligawa risasi mwenyewe, zile ndogondogo za upepo, akizihesabu moja moja ndani ya vikopo: za shindano, na tano za akiba. Tulipiga tangu asubuhi mpaka jua likawa kali juu ya bati. Tulikuwa tunakwenda sawa, akinipita kidogo, nikimpita kidogo. Nilijua kwa sababu kadi zake nilikuwa naziona zikirudi kwenye waya, ingawa tulikatazwa kutazama.

Zilipobaki risasi chache, jasho likaniingia jichoni. Nikashusha bunduki kama nilivyofundishwa, nikajifuta, nikasogea hatua kunyoosha mgongo, nikarudi. Niliporudi miguu ilikaa vibaya, mwili ukaelekea kulia kidogo bila mimi kujua. Kulenga ni miguu zaidi ya mikono, mwanangu. Ukiikosea miguu, mikono inafuata tu. Namba sikuisoma. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa nafikiria ndege nitakayopanda. Nikatia jicho, nikaona duara jeusi limetulia vizuri kuliko siku zote, nikapiga. Nikajisikia raha. Nikazungusha kigurudumu, kadi ikaja. Ilikuwa nyeupe, haina hata mkwaruzo.

Nilielewa palepale. Nilitazama kulia, nikamwona Zuhura ndiyo kwanza anashusha bunduki baada ya kupiga ya kwake, hajui kitu. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu. Neno moja. Lakini neno hilo lilikuwa na bei, mwanangu, sifuri moja, na kwa jinsi tulivyokuwa tumefungana, sifuri moja ilitosha kumpeleka yeye na kuniacha mimi. Nikarudisha ile kadi nyeupe kwenye waya kana kwamba ndiyo kwanza naiweka, nikasoma namba, tano, nikachukua risasi nyingine, nikapiga. Ilipata katikati kabisa. Mpaka leo sielewi mkono wangu ulipata wapi utulivu ule.

Kadi ya Zuhura ilirudi na matundu mawili. Mwamuzi akasimamisha shindano.

"Namba sita, umepiga mara mbili."

"Hapana, bwana mwamuzi. Nimepiga moja."

Akatembea nyuma yetu taratibu, akizitazama kadi zetu. Za kila mtu zilikuwa sawa. Akauliza kwa sauti, "Kuna aliyepiga shabaha ya jirani?" Akauliza mara ya pili. Mimi nilikuwa naangalia kamba za viatu vyangu. Zuhura akageuka, akatutazama sote, wa kushoto na wa kulia, na mimi akanitazama kama wengine, wala hakunitilia shaka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma. Akanyang'anywa pointi. Na kwa kuwa alikuwa amekana, mwamuzi akaandika na hilo.

Nilimshinda, kwa pointi ile ile aliyonyang'anywa.

Tulipokuwa tunarudisha vikopo, Afande Salum alihesabu risasi za akiba. Cha Zuhura kilikuwa na tano. Changu kilikuwa na nne.

"Koplo Kokushubira, ziko nne."

"Moja ilianguka, afande. Kwenye nyufa za mbao."

Akatoa daftari lake dogo, akaandika, akalirudisha mfukoni. "Nimeandika ulivyosema," akaniambia, akaenda zake. Risasi zile huanguka kila siku, ni ndogo kama punje za mtama. Nikajiambia ameamini.

Kambini walimpa Zuhura jina la Mbilimbili. Unajua askari walivyo. Akipita jikoni, "Mbilimbili, pakuliwa mara mbili!" Akawa anacheka nao mwanzoni, baadaye akaacha kucheka, baadaye akaacha kuja kula na sisi. Usiku mmoja aliniuliza tukiwa tumelala, "Koku, inawezekana nilipiga mara mbili bila kujua?" Nikamwambia aniache nilale, kesho nina mazoezi. Andika hilo pia, usinionee haya.

Nikaenda Olimpiki. Unataka kujua nilijisikiaje. Siku ya kuandamana na bendera nilifurahi, nisiwe mnafiki. Nilivaa kitenge cha timu, nilipunga mkono, nilisema moyoni kwamba Kishanda imefika. Lakini siku ya kupiga niliingia kwenye ukumbi mkubwa, baridi, na namba kubwa juu ya kila shabaha. Nikainua bunduki, nikasoma namba. Nikatia jicho, nikawa sina hakika kama nimeisoma sawasawa. Nikashusha. Nikainua, nikasoma, nikashusha. Wenzangu wanapiga, mimi nasoma namba. Saa ilikimbia, risasi zangu za mwisho nilizipiga mbiombio kama mtu anayekimbiza kuku, na jina langu likatokea huko chini, wakinifuata wachache. Waliokuwa nami wakasema ni ugeni. Nikasema ndiyo, ni ugeni.

Nyumbani hawakujali nimekuwa wa ngapi. Nilipokewa uwanja wa ndege Bukoba kwa ngoma, nikapakiwa kwenye gari, tukaja mpaka hapa watu wakiimba "Nyegera waitu" njia nzima, yaani karibu, mwenzetu. Ta alikuwa amechinja. Uwanja huu ulijaa. Na katikati ya wageni, kwenye mkeka, alikuwa ameketi Zuhura na mama yake. Alikuwa likizo. Walipanda gari kutoka Hamugembe kuja kunipongeza. Alikuwa amenishonea kitambaa cha meza, kwa mkono.

Nilitaka kukimbia. Sasa nikimbilie wapi, sherehe ni yangu? Wageni walipokwisha kukaa, Ta akaita kwa sauti ya furaha, "Binti yangu ameona dunia, lakini kahawa atagawa mwenyewe. Anza na huyu mama aliyetoka mbali, na rafiki yako." Nikaletewa kisahani. Nikapiga magoti mbele ya Zuhura na mama yake. Magoti yalikuwa yale yale. Nikachukua punje moja nitafune, ili niwape.

Mkono haukufika mdomoni.

Nilijaribu. Niliangalia ile buni kwenye vidole, nikamwangalia Zuhura, naye ananitabasamu ananingoja. Nitatafunaje mbele yake kwamba sina ubaya naye? Ningeweza kudanganya kwa mdomo, nilishadanganya, tena kwa ufasaha. Hili la kutafuna nilikuwa nimelishika tangu utotoni, kabla sijajua hata kuandika jina langu, na mwili wangu ulikataa. Watu wakaanza kunigeukia, mmoja baada ya mwingine. Hapa kwetu mtu akikuletea kahawa halafu mwenyewe akagoma kuionja, unaelewa anachokuambia. Mama yake Zuhura alielewa hivyo. Akavuta khanga yake, uso ukambadilika.

"Tumekukosea nini, mwanangu?" akaniuliza. "Mbona unatupa usichokula?"

Ta akakohoa. Kikohozi kile. Nikasikia aibu ya baba yangu imenifika mgongoni. Alikuwa na wageni uwanja mzima, na binti yake anaonekana kawaletea watu sumu.

"Kahawa haina kitu," nikasema. "Mimi ndiye nina kitu. Zuhura, tundu la pili lilikuwa langu. Nilikosea kadi. Nikaona. Nikanyamaza."

Nilisema nikiwa chini, na sikuinua macho. Ngoma zilikuwa zimeshasimama. Niliwasikia kuku nyuma ya jiko. Zuhura hakunitukana, hakulia. Akasema polepole, kama anayejiambia mwenyewe, "Kumbe nilipiga moja." Akasimama, akamshika mama yake mkono. "Mama, twende." Kitambaa cha meza alikiacha pale pale mkekani.

Ta ndiye aliyewafuata. Mtu mzima, na koti lake la sherehe, akawafikia kwenye njia ya kutokea, na mbele ya watu wote akamwinamia mama yake Zuhura akaomba radhi kwa niaba ya nyumba. Sikuwahi kumwona babu yako akimwinamia mtu kwa namna ile, si kabla wala baada. Aliporudi aliwaambia wapiga ngoma waende kula. Kisha akaja kwangu, nikiwa bado chini na kisahani mkononi.

"Magoti ya hapa hayatoshi," akasema. "Hapa hakuna aliyemwita mwenzako mwongo. Utayasema haya kule ulikoyafanya."

Nikaenda. Nilimwandikia mwamuzi, nikamwambia mkuu wa kambi, na nikaamriwa niyaseme kwenye gwaride, mbele ya wale wale waliokuwa wakisema Mbilimbili. Nikavuliwa cheo, nikatolewa kwenye timu. Nilistahili, na sikupiga tena bunduki ya upepo maishani. Kisha nikaenda kwa Afande Salum. Akatoa lile daftari dogo, akafungua ukurasa, akanionyesha mwandiko wake: risasi moja imeanguka, kwa maneno ya Koplo Kokushubira.

"Nilikuwa nakungoja uje uufute," akaniambia, akanipa kalamu.

"Afande, ulijua? Kwa nini hukusema?"

"Nilichokiona ni kikopo. Sikuona ulichopiga. Kwa kikopo peke yake ningemchafua mtu ambaye huenda risasi yake ilianguka kweli. Aliyeona ni wewe. Nilikufundisha neno moja, Koku, na katika maneno yote ya jeshi ndilo pekee ambalo hakuna afande anayeweza kukusemea."

Nililia mbele yake. Lakini nisikufiche: sijakubaliana naye kabisa hadi leo. Nadhani ilimpasa amwite mwamuzi hata kwa kikopo tu. Ninapomlaumu, hata hivyo, najishtukia kwamba natafuta mtu wa kunisaidia kubeba, na mzigo huu una mwenyewe.

Jina la Zuhura lilisafishwa kwa barua, na barua hiyo ilisomwa kambini. Iliandikwa vizuri. Lakini mashindano yalikuwa yamekwisha. Mwaka uliofuata aliacha jeshi, akarudi Hamugembe, akaolewa, akaanza kushona sare za shule. Walipomwita tena kwenye timu alikuwa na mimba ya mtoto wa kwanza, na alipojifungua hawakumwita tena. Jicho lile, mwanangu, ambalo sijaliona kwa mtu mwingine, limetumika kutunga uzi kwenye sindano. Ukweli nilisema, na bado Olimpiki yake sikumrudishia. Watu wengi wakisimulia makosa yao huishia pale walipoungama, kana kwamba mambo yalinyooka siku hiyo. Yangu hayakunyooka.

Nilipostaafu na kurudi huku, nikaanza kwenda kwake. Mara ya kwanza nilisimama mlangoni mpaka mumewe akaniambia niingie. Zuhura alinipa chai. Tukazungumza habari za mvua. Mwezi uliofuata nikaenda tena, akanipa soda. Nimekwenda hivyo miaka mingi, tumezikana, tumeozeshana watoto, tumetaniana hata kuhusu ule mkungu wa ndizi. Chai nimekunywa, pilau la Idi nimekula. Kahawa hajawahi kunipa. Kisahani nilikuwa nakiona pale juu ya kabati, wageni wengine wakija kinashuka, mimi nikija kinabaki. Sikuuliza, na yeye hakueleza. Tulielewana.

Ulipokuja na daftari lako nilipanda gari asubuhi yake nikaenda Bukoba. Pale mjini nikachukua bodaboda mpaka mlangoni kwake. Nilimkuta barazani na cherehani yake, miwani imeshuka puani. Nikamwambia shule inataka historia yangu, na kwamba historia hiyo nusu yake ni mali yake, na kama hataki isemwe nitakuambia uache, wasinichore.

Akashona mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi.

"Watakuchora na bunduki?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Wakuchore," akasema. "Lakini useme yote. Useme na jina langu, lile la kwetu, siyo lile la kambini."

"Nitasema yote, waitu."

Akanyanyuka, magoti yake siku hizi yanalia, akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kuleta soda. Akarudi na kile kisahani. Akakaa mbele yangu, akachukua punje moja, akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu, akiniangalia. Kisha akaninyooshea. Nikapokea kwa mikono miwili, na nililia kama mtoto, mimi na mvi zangu, mpaka fundi wa jirani akachungulia.

"Tafuna," akaniambia. "Unaniaibisha na majirani."

Basi, mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia. Utakosea, na mara nyingi utakuwa umekosea miguu tu, bila nia mbaya, kwa haraka, kwa jasho jichoni. Hilo lisikutishe. Unapoiona kadi yako nyeupe na unajua risasi imekwenda wapi, nyoosha mkono wakati huo huo. Sema "Yangu" kabla mtu hajaulizwa kwa ajili yako. Utapoteza kitu, sikudanganyi, pengine kile kile ulichokitamani kuliko vyote. Ukinyamaza utakipata, na utakwenda nacho mbali, na hutaweza kukitumia. Na ukiwa umeshanyamaza, kama nilivyonyamaza mimi, usiseme muda umepita. Nenda ukaseme palepale ulipomchafua mwenzako, halafu ukae tayari kunywa soda miaka yote atakayotaka yeye.

Siku ya mahafali isome yote, usiikate hata mstari. Zuhura amesema atakuja. Mweke kiti cha mbele, na kahawa nitamgawia mwenyewe.

Mungu akupe jicho la kuona kosa lako mapema, na ulimi mwepesi wa kulikiri. Akupe rafiki wa kuulizana naye habari mpaka uzeeni, na kila nyumba utakayoingia, Mungu akujalie uweze kutafuna kwanza, ndipo unyooshe mkono. Kasinge, asante, mwanangu. Funga daftari sasa, ndizi zimeiva jikoni.